Wekundu Uliovuja Kwenye Bluu

Kagoma, Muleba
Jumatano, alasiri

Kokugonza mwanangu,

Mama yako amenifukuza chumbani kwako mara mbili leo. Anasema nazuia sanduku lisifungwe. Basi nimehamia hapa barazani, daftari magotini, na kupitia dirishani nawasikia mkibishana kuhusu lile kopo la senene, kama liende juu au chini ya nguo. Mambo ya blanketi na nauli, na ya kujichunga melini, ameshakuambia na ataendelea kukuambia mpaka basi liondoke kesho. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimeshindwa kukuambia usoni.

Namchukia mtu. Unamjua. Ni Deogratias, huyo profesa anayekusubiri Dar es Salaam, ambaye utafanya kazi chini yake miaka mitatu katika maabara ya umeme wa jua. Umekua ukijua kwamba simpendi. Hata mbwa wetu wa kwanza nilimpa jina lake, na wewe ukawa unamwita kila mbwa wa kijiji Deogratias. Mama yako alinikataza siku ile padri alipotutembelea akasikia mtu anafoka, "Deogratias, toka jikoni!" Mlicheka wote, na padri naye akacheka. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine, maana mbwa alitoka mkia uko katikati ya miguu.

Lakini kisa chenyewe nilikupa nusu. Nilikuambia kwamba tulikwenda Ulaya pamoja, yeye akapendelewa na mimi nikarudishwa. Nusu ya pili nimeificha zaidi ya miaka kumi, na ndiyo inayokuhusu.

Deo na mimi tulikuwa na mukago, undugu wa kuchanjiana damu. Neno hilo umelisikia kwa bibi yako. Tulikuwa na miaka kumi na minne, wanafunzi wa bweni kule Bukoba, na Wamisheni walikuwa wamekataza kabisa mambo hayo, kwa hiyo tulifanya kwa hamu zaidi. Tulijificha kwenye migomba ya kibanja cha mjomba wake pale Kitendaguro, tukachuma tunda moja la kahawa, tukalipasua. Mlemle ndani mna punje mbili, unajua mwenyewe. Tukachanjana chini ya kitovu kwa wembe, kila mmoja akaipaka punje yake damu, akaiweka kiganjani, na mwenzake akaila kwa mdomo kutoka kiganjani humo. Tuliapa kutonyimana kitu. Tuliapa pia kwamba hakuna atakayesimama mbele ya watu kumshuhudia mwenzake vibaya, na atakayevunja kiapo tumbo lake lingevimba mpaka afe. Nilitapika ile punje jioni yake na sikumwambia. Labda ndiyo maana mambo yalikwenda yalivyokwenda, sijui.

Nchi ilipopata uhuru walikuwa wanatafuta watu wa sayansi kama watu wanavyotafuta maji wakati wa kiangazi. Mimi nilikuwa mwalimu, nina mke na wewe una miaka sita. Tulipelekwa wote wawili mji mmoja wa baridi, mashariki ya Ulaya. Tukawekwa chini ya profesa mzee aliyetembea na mkongojo, mtu mwenye haki, namkumbuka kwa heshima. Kazi aliyotupa ilikuwa moja: kuhesabu mwanga unatoa umeme kiasi gani ndani ya fuwele ya silikoni.

Unayajua haya kuliko mimi sasa, lakini niache niyaseme kama nilivyokusemea ukiwa na miaka tisa. Mwanga huja kwa chembe. Chembe moja ikiingia kwenye silikoni humng'oa elektroni mmoja mahali pake, na mahali alipotoka panabaki tundu. Hao wawili, elektroni na tundu lake, ndio wanaokupa umeme. Chembe ya mwanga mwekundu ina nguvu ya kutosha kazi hiyo na chenji kidogo. Chembe ya bluu ina nguvu nyingi zaidi, lakini bado inang'oa elektroni mmoja tu, na nguvu inayobaki inaishia kuwa joto la bure. Swali la mzee lilikuwa hili: je, yule elektroni aliyeng'olewa kwa nguvu nyingi hawezi kumgonga mwenzake na kumng'oa naye, ili chembe moja ilete wawili? Kwenye mwanga ule mkali ulio nje ya zambarau, usioonekana kwa macho, wenzetu walishaona kwamba inatokea. Lakini jua letu lina mwanga huo kidogo mno. Faida ingekuwepo kama ingetokea kwenye bluu, kwenye mwanga wenyewe unaotupiga kichwani kila siku.

Mimi niliiona kwenye bluu. Nilipima majira mazima ya baridi, na hesabu ikanipa zaidi ya mmoja, kisha moja na nusu, na pale mwisho karibu wawili. Nilimwambia Deo, "Ni tunda la kahawa hili. Punje mbili kwa tunda moja!" Akanikumbatia. Niliona vijiji vyetu vyote vinawaka taa. Nilijiona narudi Bukoba na bendi ikinipokea bandarini.

Mzee akaitisha kikao. Walimu saba nyuma ya meza, mimi nikaeleza. Nilipomaliza Deo akanyoosha mkono akasema, taratibu kabisa, "Mwenzangu ana haraka. Taa yetu ina wekundu mwingi na bluu haba. Wekundu unavuja ndani ya kifaa, na yeye anauhesabu kama kazi ya bluu."

Mzee akanigeukia. "Ni kweli?"

Mwanangu, jibu la mtu wa sayansi lilikuwa jepesi: sijui, nipeni siku moja nipime. Kwenye droo palikuwa na kioo chekundu. Ningekiweka mbele ya taa, kikazuia bluu yote, kisha nitazame kama sindano ya mita inaanguka mpaka sifuri. Ni kazi ya mchana mmoja. Lakini mimi sikusikia swali la sayansi. Nilisikia mukago wangu amesimama mbele ya wageni kunishuhudia vibaya. Na kwa kuwa mimi nilikuwa bado ndani ya kiapo, sikuweza kumwambia mbele yao kwamba anakosea. Nikasema, "Akishasema yeye, sina la kuongeza." Walitazamana. Hawakuelewa ni jibu la namna gani, na wangeelewaje?

Nikaandikiwa kwamba kazi yangu haikukubaliwa. Nikarudishwa nyumbani na cheti cha kuhudhuria. Wiki moja kabla sijaondoka Deo alikuja chumbani kwangu akanambia kwa Kihaya, "Waitu, ndugu yangu, niazime daftari lako, nataka kujifunza." Nami nikampa. Kiapo kilisema tusinyimane. Alilirudisha siku ya tano, akanisindikiza mpaka stesheni, akalia.

Mwaka uliofuata, wewe unaanza darasa la tatu, jarida likafika kwenye maktaba ya shule niliyokuwa nafundisha. Jina la Deogratias juu, na chini yake michoro yangu. Tarakimu zangu, Kokugonza. Zote. Nilizijua kama ninavyojua sauti yako. Nilisoma nimesimama, kisha nikaliweka jarida ndani ya shati nikaenda nalo nyumbani, na halijarudi maktaba mpaka leo. Mwizi aliyeibiwa. Liko ndani ya dari, juu ya kitanda changu.

Tangu siku hiyo nimeishi kwa chuki. Nakuambia wazi kwa sababu umekula chakula kilichopikwa ndani yake. Azimio likaja, watu wakaimba, vijiji vikapangwa, mimi nikaimba pamoja nao na kichwani napanga namna ya kumwaibisha. Kila nilipomsikia redioni akieleza jinsi umeme wa jua utakavyofika katika kila kijiji cha ujamaa kwa fuwele zake za "mbili kwa moja", nilizima redio, kisha nikaiwasha tena nisikose neno. Nilikuwa namtakia mabaya ya kila aina, mengine ya kitoto. Nilimwomba Mungu amng'oe Deo meno ya mbele kabla hajapiga picha gazetini.

Na nilipoona wewe una akili ya hesabu, nilifurahi kwa furaha isiyo ya baba. Nilifurahi kama mtu aliyeokota panga. Nilikufundisha kila kitu kwenye lile daftari, ukiwa na miaka tisa, kumi, kumi na mbili. Wenzako wako mtoni wewe uko na mimi na logarithimu. Ulidhani nakupenda sana. Nilikupenda, lakini nilikuwa pia nakunoa.

Sasa ile siku ya likizo, ulipokuwa na miaka kumi na saba. Hatujawahi kuizungumza, na mimi ndiye niliyefunga mlango. Ulikuwa umetoboa tundu kwenye bati la stoo, jua likaingia kama uzi, ukalipitisha kwenye prizimu niliyoazima shuleni, rangi zote zikajipanga ukutani. Ukaweka ile seli ndogo ya silikoni niliyopewa na mzee kama zawadi ya kuagana, ukaiunganisha na galvanometa, yote kama daftari linavyosema. Nilikusimamia mwenyewe. Seli ikiwa kwenye bluu, sindano ilipanda vizuri. Nikasema, "Unaona?"

Wewe ukatoka nje. Ukarudi na kioo chekundu cha taa ya nyuma ya baiskeli yangu, umekifungua bila ruhusa. Ukakiweka mbele ya lile tundu. Bluu yote ukutani ikapotea. Seli ilikuwa palepale mahali pa bluu, gizani, na sindano ilipaswa kulala. Haikulala. Ilibaki zaidi ya nusu.

Ukaniita baba kwa Kihaya chetu, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Tata, ni wekundu unavuja."

Maneno yaleyale. Mtoto ambaye sikuwahi kumwambia yaliyosemwa kwenye kikao kile, ananiambia maneno yaleyale ndani ya stoo yangu. Nilikupiga kofi. Nilikuuliza, "Nani amekutuma?" Kisha nikakitupa kioo sakafuni nikakikanyaga, nikakuambia umeharibu baiskeli ya watu. Mama yako alikuja mbio akitoka kumenya ndizi, kisu mkononi, na mimi nikamwambia umekosa adabu. Ukamwangalia, ukaniangalia, hukujitetea. Mpaka leo naendesha baiskeli bila taa ya nyuma, na watu wa hapa Kagoma wanadhani ni ubahili.

Ulikuwa sahihi. Nilijua palepale, kabla mkono wangu haujakufikia. Miaka yote nimekuwa nikilia kuibiwa, na kilichoibwa kilikuwa kosa. Bluu ya jua haitoi wawili kwenye silikoni. Inatoa mmoja na joto, basi. Deo alisema kweli kwenye kikao kile. Na hapo ndipo chuki yangu ilipopata mafuta mapya badala ya kuzimika, maana fikiria: alijua! Alisimama akasema wekundu unavuja, nikafukuzwa kwa maneno hayo, kisha akachukua tarakimu zilezile zenye wekundu ndani yake akazichapa kwa jina lake. Labda alifikiri mimi niko sahihi naye akaniangusha kwa wivu. Labda aliona hakuna atakayepima tena. Sijui, na siku nikimwuliza atanidanganya.

Ungedhani hapo ningekuambia. Sikukuambia. Nilipanga vizuri zaidi. Ukumbuke alipokuja miaka miwili iliyopita kumzika mama yake, akapita hapa na gari la serikali, akaketi kwenye kiti changu. Mama yako alileta kahawa ya kutafuna kwenye kisonzo, kile kikapu kidogo cha wageni. Mimi kama mwenyeji nikatangulia kuchukua yangu, naye akachukua, tukatafuna tukitazamana kama watu wema. Akauliza habari zako, wakati ule umemaliza jeshi na uko kazini. Akasema, "Nipe huyu mtoto. Kazi yangu ni kubwa, nahitaji mikono ninayoiamini. Nitamlea kama wangu."

Nikasema, "Ni wako, waitu."

Nilikuuza pale, Kokugonza, kwa mdomo uliojaa kahawa. Mpango ulikuwa hivi: uingie, uaminiwe, uwe mkono wake wa kulia. Kisha siku atakapowasha mtambo wake mbele ya mawaziri, na kila mtu ana kamera, mimi nikutumie daftari na lile jarida, nawe usimame uulize swali moja kuhusu kioo chekundu. Nilikuwa nalala nikiliota swali lile. Sikujiuliza hata siku moja wewe utakuwa umepoteza nini. Miaka mitatu ya ujana wako ukitafuta kitu ambacho hakipo, ambacho wewe mwenyewe uliniambia hakipo. Na siku ya kumwangusha ungeanguka naye, maana jina lako lingekuwa kwenye kila karatasi yake. Kisha ungejua kwamba baba yako alijua tangu mwanzo.

Mama yako ndiye aliyenivunja, bila kujua. Jumapili alikuwa anashona jina lako kwenye shuka, akasema, "Angalau huyu hatarudishwa na cheti cha kuhudhuria." Nikatoka nje nikakaa mgombani mpaka mvua ikanikuta.

Usidhani nimemsamehe. Sijamsamehe, na padri anajua, na tumeshindwana naye kwenye kitubio mara nyingi. Nataka Deo aaibike. Nataka asome jambo mbele ya watu na sauti imkatike. Lakini nataka nimfanyie mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na gharama niilipe mimi.

Kwa hiyo Jumatatu niliandika barua kwa mkuu wa chuo, na nakala kwa Deo. Nimeeleza kwamba tarakimu ambazo mradi mzima umejengwa juu yake nilizipima mimi, na kwamba ni za uongo. Na nimetoa uthibitisho. Hili hulijui, maana kwenye daftari huwezi kuliona. Siku ya mwisho ya vipimo taa iliungua kabla sijapima sehemu moja, kati ya bluu na zambarau. Nilikuwa na haraka. Nilitazama mstari unakwendaje, nikabuni tarakimu nikaijaza. Haikutoka kwenye kifaa chochote duniani, ilitoka kichwani mwangu. Na kwenye jarida lake iko, mpaka tarakimu ya mwisho. Hawezi kuwa aliipima. Nimejiandika mwongo ili yeye aandikwe mwizi, nami nimetia sahihi huku mkono umetulia.

Najua watakavyonifanya shuleni wakisikia. Mwalimu aliyewachapa watoto kwa kubuni majibu ya maabara. Wacha waseme. Na ile habari ya tumbo kuvimba, nimeshavunja kiapo, kwa hiyo likivimba msihangaike kunipeleka hospitali Bukoba mkasema ni ini.

Jana nilikuambia nakwenda mjini kutafuta betri za redio. Nilikwenda posta. Karani aliipiga muhuri, akaitupa kwenye gunia la barua za meli. Ni meli yako hiyohiyo. Utakapokuwa unasoma haya ziwani, itakuwa chini ya sakafu unayosimama, na mkifika Mwanza itapanda treni pamoja nawe. Sikukuuliza kwanza. Hilo nalo ni kosa, la juzi kabisa, na usilifiche kwenye orodha ya makosa yangu ukihesabu. Inawezekana Deo akakufungia mlango siku utakayofika. Akikufungia, nenda kwa walimu wengine wa fizikia, uwaambie unataka kupima, na usitaje mukago wala Kagoma. Waambie tu ulichokiona. Akikufungulia na kukuchekea, mwogope zaidi. Usimwite baba mdogo. Mwite Profesa, na kila atakachokupa kipime mara mbili. Hata hiki ninachokuandikia.

Na kama hutaki kunijibu kwa muda, nitaelewa. Mama yako mwandikie. Nitamsomea.

Kumebaki kitu kimoja, kisha nije nikusaidie kufunga hilo sanduku, maana nasikia mama yako amekaa juu yake. Barua ile niliianza mara nne. Mara tatu ilianza na jina langu na jinsi nilivyodhulumiwa. Nilizichana. Ya nne, iliyoko kwenye gunia, ambayo Deogratias ataifungua kwa mikono yake na kuisoma kuanzia juu, inaanza hivi: "Kosa hili liligunduliwa hapa Kagoma na binti yangu, Kokugonza, akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Nilimpiga kwa kuligundua. Alikuwa sahihi."

Baba yako